Jinsi ya Kupima Dai la Kujitenga: Mwongozo kwa Walimu na Wanafunzi wa Midahalo Kigoma

Mada isemayo kwamba tofauti za kisiasa na za kiutamaduni zatosha kulihalalishia taifa kudai uhuru wake hupendwa sana na waandaaji wa midahalo ya sekondari, na hapa Kigoma haikosi wasemaji. Sisi tunaishi ukingoni mwa nchi, mahali ambapo mtu akipanda boti Kibirizi anaweza kwenda kushuka Burundi au Kongo, na ambapo kambi kama Nyarugusu na Nduta zimewahifadhi watu waliokimbia nchi zao baada ya swali la nani mwenzetu na nani si mwenzetu kujibiwa kwa bunduki. Pamoja na hayo, mdahalo wenyewe huharibika mapema. Upande mmoja husimama na kusema kwamba kila watu wana utamaduni wao, basi kila watu wapewe nchi yao. Upande wa pili hujibu kwamba umoja ni nguvu. Na baada ya hapo wasemaji hurushiana kauli hadi mtunza muda agonge kengele.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kulipima dai la kujitenga kwa haki, awe mwalimu anayeandaa mdahalo, mwanafunzi aliyepewa upande asioupenda, au wazee wanaolizungumza jambo hilo barazani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Tofauti peke yake haitoshi. Tofauti huwapa watu sababu ya kuuliza swali. Kinachowapa haki ya kuondoka ni namna wanavyotendewa ndani ya nchi waliyomo, pamoja na ridhaa ya kweli ya wale wote watakaoguswa na uamuzi huo.

Andika dai kabla ya kulijadili

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayojibu maswali manne: ni akina nani wanaodai, wanataka kutoka katika nchi ipi, wanadai eneo lenye mipaka ipi, na wanataka nini hasa, kwa maana ya nchi kamili yenye kiti Umoja wa Mataifa au madaraka makubwa zaidi wakiwa ndani ya nchi ileile. Usianze mdahalo kabla sentensi hiyo haijakubaliwa na pande zote mbili. Nimeona midahalo mingi ambamo upande mmoja ulikuwa ukizungumzia serikali ya jimbo na wa pili ukizungumzia mpaka mpya wenye askari, na hapakuwa na dakika hata moja ambayo wasemaji walipingana kweli.

Hapohapo tenganisha madai ya koloni na madai ya kujitenga. Wanafunzi wetu hupenda kuanza na TANU, na wana haki ya kujivunia, kwa sababu mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ulioamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ni sehemu kubwa ya njia iliyotufikisha tarehe 9 Desemba 1961. Lakini Tanganyika haikuwa mkoa wa Uingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mkulima wa Urambo hakuwa na mbunge London wa kumsemea. Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 14 Desemba 1960 kuhusu uhuru wa makoloni liliwalenga watu wa namna hiyo. Mskoti wa leo (wa Scotland, Uingereza) au Mkatalani (wa Catalonia, Hispania) ni raia kamili wa nchi anayotaka kutoka, anapiga kura humo na anaweza kuwa waziri mkuu wake, kwa hiyo anayesema kwamba Nyerere alidai uhuru na kwa sababu hiyo Catalonia nayo ina haki ileile ameruka hatua nyingi za hoja. Inawezekana Catalonia ina haki, ila ni lazima ithibitishwe kwa njia nyingine.

Pima utamaduni kwa safu mbili

Nenda Mnanila siku ya soko. Muuza maharage wa upande wetu hutaja bei kwa Kiha, mnunuzi aliyevuka kutoka Burundi hupunguza kwa Kirundi, debe hujazwa na kusawazishwa kwa mkono mbele ya macho ya wote wawili, fedha hubadilishana mikono, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mpaka uliowaweka watu hao katika nchi mbili haukutokana na lugha wala mila. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma na Tabora mwaka 1916 yakiwafukuza Wajerumani, na baada ya vita Wabelgiji na Waingereza waligawana: Ruanda-Urundi ikabaki kwa Ubelgiji, Buha ikawa ndani ya Tanganyika ya Waingereza. Kama utamaduni ungekuwa kipimo cha kutosha, Waha wangekuwa wanadai kuunganishwa na Burundi, na mtu wa Kasulu angemwona Mzaramo kuwa mgeni. Hali si hiyo, na si kwamba Waha wameziacha mila zao. Nchi hii yenye lugha zaidi ya 120 imekuwa nchi moja kwa sababu ya mambo waliyofanyiana watu wake, na kwa sababu ya mabaya ambayo dola haikuwafanyia.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, angalia Wasomali. Lugha yao ni moja na dini yao ni moja, lakini tarehe 18 Mei 1991 viongozi wa kaskazini walitangaza Somaliland kuwa nchi ya peke yake, miaka mitatu baada ya serikali ya Somalia chini ya Siad Barre kuupiga kwa mabomu mji wa Hargeisa, ambao ulikuwa mji wa raia wake yenyewe. Kufanana hakukuwazuia kuachana, kama vile kutofanana hakujatufanya sisi tuachane.

Kwa hiyo unapopima utamaduni, chora safu mbili. Katika safu ya kwanza orodhesha tofauti zote: lugha, dini, sheria za mirathi, historia. Katika safu ya pili, mbele ya kila tofauti, andika dola imeitendea nini tofauti hiyo: imeipiga marufuku, imeivumilia, au imeisaidia. Safu ya pili ndiyo yenye uzito, na hapa ndipo mifano huanza kutofautiana. Katika Pakistan ya mwanzo, Kiurdu kilitangazwa kuwa lugha pekee ya taifa ilhali wakazi wengi wa nchi hiyo, wale wa upande wa mashariki (Bangladesh ya leo), walizungumza Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliokuwa wakiandamana Dhaka kuitetea lugha yao walipigwa risasi, na kwa ajili yao UNESCO iliitenga tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Kikatalani kilibanwa vikali wakati wa utawala wa dikteta Franco, lakini baada ya katiba ya Hispania ya mwaka 1978 kikawa lugha rasmi ya Catalonia na lugha ya kufundishia shuleni. Scotland ni tofauti tena: Kigaeli huzungumzwa na takriban asilimia moja tu ya watu wake, na tangu 2005 kina sheria ya kukilinda. Anayetaka kuitetea Scotland kwa hoja ya lugha atashindwa mapema, na ni afadhali alijue hilo nyumbani kuliko aambiwe jukwaani.

Pima siasa: kushindwa uchaguzi si kufungiwa mlango

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ningemshauri mwalimu aipe nusu ya muda wa maandalizi. Katika kila nchi wapo watu wanaoshindwa uchaguzi, wengine mara nyingi mfululizo, na mtu anayeshindwa huhisi kwamba hasikilizwi. Hisia hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Hata hivyo, kushindwa katika uchaguzi ambao kesho unaweza kushinda ni jambo moja, na kuwekwa nje ya maamuzi hata unaposhinda ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na Scotland, kwa kuwa madai yake ni ya kisiasa kuliko ya kiutamaduni. Iliungana na England mwaka 1707, ikabaki na mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Kati ya 1979 na 1997 Scotland ilikipa chama cha Labour wabunge wengi kuliko vyama vingine, lakini serikali iliyowatawala ikawa ya Conservative kwa sababu England yenye watu wengi zaidi ilichagua hivyo. Mwaka 1989 serikali hiyo ikaanzisha kodi ya kichwa Scotland, mwaka mmoja kabla ya kuipeleka England na Wales, na nadhani msomaji wa Tanzania ambaye wazazi wake waliikimbia kodi ya kichwa hahitaji kuelezwa hasira yake. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, na wakatolewa pamoja na wenzao. Hizo ni hoja nzito. Lakini andika pia yaliyo upande wa pili wa karatasi: kodi ile iliondolewa baada ya upinzani mkubwa England na Scotland, mwaka 1997 Labour ilishinda, Waskoti wakaulizwa kwa kura ya maoni wakataka bunge lao, na mwaka 1999 bunge hilo likaanza kazi Edinburgh. Mlango ulikuwa mzito, lakini ulifunguka uliposukumwa.

Sasa iweke Pakistan ya Mashariki kando ya Scotland. Mnamo Desemba 1970 chama cha Awami League, kilichodai madaraka zaidi kwa upande wa mashariki, kilipata viti 160 kati ya viti 162 vya upande huo, hesabu iliyokipa wingi wa wabunge katika nchi nzima. Kwa sheria ya nchi yenyewe, kiongozi wake Sheikh Mujibur Rahman alipaswa kuunda serikali. Bunge halikukutana kamwe. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi liliingia mitaani Dhaka na kuua, na kabla mwaka haujaisha Bangladesh ilikuwa nchi. Watu hawa hawakushindwa uchaguzi. Walishinda, wakajibiwa kwa risasi. Mtu akiniuliza ni wapi tofauti za kisiasa zilihalalisha kujitenga, namwonyesha hapo, na simwoni mtu mwenye haki ambaye angewaambia Wabengali wasubiri uchaguzi mwingine.

Afrika nayo ina kipimo chake kilichoandikwa, na inasikitisha kwamba hutajwa mara chache sana katika kumbi zetu. Mnamo Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikubaliana Cairo kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na uamuzi huo umeizuia mizozo mingi ya mipaka isifike vitani. Hata hivyo haukuwa neno la mwisho. Mwaka 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililiamua dai la kundi la Wakatanga waliotaka jimbo lao la Katanga liwe huru kutoka Zaire (Kongo ya leo), ikalikataa, lakini sababu iliyotoa ndiyo ya kuikariri: hapakuwa na ushahidi wa ukiukwaji wa haki za binadamu wa kiwango cha kuitilia shaka mipaka ya Zaire, wala ushahidi kwamba watu wa Katanga walinyimwa haki ya kushiriki katika serikali. Mwanafunzi makini atayageuza maneno hayo kuwa maswali mawili ya kuuliza kila dai. Je, watu hawa wanadhulumiwa kwa kiwango kikubwa kwa sababu ya wao ni nani? Je, wamenyimwa nafasi ya kushiriki katika kuitawala nchi waliyomo?

Tanzania yenyewe iliwahi kuyajibu maswali hayo hadharani, na kwa namna iliyowashangaza wengi. Tarehe 13 Aprili 1968 ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililokuwa limejitangazia uhuru, ingawa miaka minne kabla ilikuwa imesimama Cairo kuitetea mipaka. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba Waigbo waliouawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966 hawakupata ulinzi wa dola yao, na watu wasiolindwa na dola hawawezi kulazimishwa kuiamini. Uamuzi ule bado una wapinzani wenye akili, na mimi nadhani hoja yake ilikuwa sahihi kuhusu dhuluma na pungufu kuhusu ridhaa, kwa sababu inayofuata.

Uliza ni akina nani wasiotaka

Kila dai la kujitenga husema “watu wetu wanataka”. Kazi yako ni kuuliza ni wangapi, wa wapi, na wale wasiotaka wanakaa wapi. Biafra ilidai mkoa wote wa mashariki wa Nigeria, lakini humo walikuwamo pia Waijaw, Waefik, Waibibio na wengine ambao si Waigbo, na wengi wao hawakuulizwa kwa namna yoyote inayoweza kuitwa kuulizwa.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko ng'ambo ya ziwa. Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville, ilikuwa ndani ya jimbo la Katanga wakati Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo. Watu husimulia habari hizo kana kwamba Katanga nzima ilisimama nyuma yake. Katika uchaguzi wa jimbo wa Mei mwaka huohuo chama cha Tshombe, CONAKAT, kilipata viti 25 kati ya 60, na muungano ulioongozwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe ukapata 23. Kaskazini mwa jimbo, upande huu unaotutazama sisi, Wabaluba wengi waliukataa utawala wa Tshombe na wakapigana nao, na vijiji vyao vikachomwa. Fedha nazo zilikuwa na mwenyewe: kampuni ya madini ya Union Minière ilimlipa Tshombe kodi ambayo ingekwenda kwa serikali ya Kongo huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), na Ubelgiji ilimpa maofisa na wataalamu. Jimbo lile lilirudishwa Januari 1963 baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kuingilia. Ukiwa na mfano huu mkononi utajua kuuliza maswali ambayo wasemaji wengi huyasahau: nani analipia harakati hizi, madini au mafuta yako upande gani, na je, wale wanaodai haki ya kuwaacha walio wengi wako tayari kuwapa haki hiyohiyo walio wachache ndani ya eneo lao?

Wapo waliolijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 1995, siku chache kabla ya Quebec, jimbo la Kanada lenye wazungumzaji wengi wa Kifaransa, kupiga kura ya kutoka nchini humo, wenyeji wa asili wa kabila la Cree waliokaa kaskazini mwa jimbo hilo walipiga kura yao wenyewe, na zaidi ya asilimia 96 wakasema wanataka kubaki Kanada. Huwezi kuwaambia Wacree kwamba Kifaransa cha Quebec kinahalalisha mpaka mpya huku lugha yao na ardhi yao havihesabiwi.

Hapa niseme neno kuhusu ulinganisho unaopendwa sana jukwaani, ule wa ndoa na talaka. Uache. Katika ndoa wanaoachana ni wawili wanaojulikana kwa majina, lakini katika nchi hata hao “wawili” ni akina nani ndilo jambo lenyewe linalogombaniwa.

Soma kura ya maoni kwa macho makali

Ukitajiwa asilimia, usiiandike kabla hujauliza mambo matatu: waliojitokeza ni wangapi, swali liliandikwaje, na je, upande wa pili uliikubali kura hiyo kabla haijapigwa.

Kura ya Scotland ya tarehe 18 Septemba 2014 ndiyo ninayoitumia kama kipimo. Serikali ya London na ya Edinburgh zilitia saini makubaliano mnamo Oktoba 2012, na vijana wa miaka 16 wakaruhusiwa kupiga kura. Serikali ya Scotland ilitaka swali lianze kwa kuuliza kama mpiga kura anakubali kwamba Scotland iwe nchi huru. Tume ya Uchaguzi ilipowajaribia watu ikaona maneno ya “unakubali” yanamvuta mtu kuelekea ndiyo, yakaondolewa. Karatasi ikabaki na swali fupi la kama Scotland iwe nchi huru, na chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Walijitokeza asilimia 84.6 ya waliojiandikisha, asilimia 55.3 wakakataa na 44.7 wakakubali. Walioshindwa walihuzunika, lakini viongozi wao waliyakubali matokeo.

Catalonia ni habari nyingine. Kura ya tarehe 1 Oktoba 2017 ilikuwa imezuiwa na Mahakama ya Katiba ya Hispania, polisi walitumia nguvu kwenye vituo, na wapinzani wengi wa uhuru wakabaki nyumbani. Asilimia 90 ya waliopiga kura walisema ndiyo, ila waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 43. Msemaji akiitaja 90 na kuificha 43 amewadanganya wasikilizaji, na msemaji akiitaja 43 na kuwaficha polisi naye amewadanganya.

Quebec inafundisha jambo la tatu. Tarehe 30 Oktoba 1995 waliokataa walikuwa asilimia 50.58 na waliokubali 49.42, kwa swali refu lililochanganya uhuru na ushirikiano mpya na Kanada. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, lakini kwamba wingi ulio wazi, kwa swali lililo wazi, ungeilazimu nchi nzima kukaa mezani kujadiliana. Sijaona mahali pengine ambapo haki za pande zote mbili zimewekwa pamoja vizuri kuliko hapo, na mwalimu asiye na muda wa mengi awasomeshe wanafunzi uamuzi huo.

Tafuta njia zilizo katikati

Mada huulizwa kana kwamba kuna kubaki na kuondoka tu. Zipo njia nyingine, na moja tunaishi nayo. Zanzibar iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964 ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu, na Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 likabaki na serikali mbili. Walimu wengine huogopa kuligusa jambo hili darasani. Naona hakuna sababu, mradi mjadala ubaki kwenye muundo na hoja, kwa kuwa vyombo vya dola vyenyewe vililijadili mbele ya wananchi wote.

Fuatilia hadi siku inayofuata uhuru

Sudan Kusini ilipiga kura Januari 2011, asilimia 98.83 wakachagua kuondoka, na tarehe 9 Julai bendera ikapandishwa Juba. Kwa vipimo vyote vya dhuluma na vya kura, dai lao lilikuwa la haki, na sidhani kuna anayeweza kuwaambia watu waliopitia miongo ya vita kwamba walikosea kutaka kuondoka. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya Sudan ya zamani ilikuwa kusini, na bomba la kuyapeleka baharini likapita kaskazini hadi Port Sudan. Januari 2012 nchi hizo mbili zikagombana kuhusu ada ya kupitisha, na Juba ikayafunga mafuta yaliyokuwa karibu mapato yake yote. Desemba 2013 wakubwa wa chama tawala wakageukiana, na raia wakaanza kukimbia upya. Sisi tunaoona shehena za Burundi na za mashariki ya Kongo zikishuka kwenye reli Kigoma tunajua vizuri maana ya nchi kutegemea njia ya jirani. Kwa hiyo kila anayetetea kujitenga aulizwe: bandari iko wapi, deni la taifa litagawanywaje, raia waliooana na kuchanganyika watapewa pasipoti gani, na je, viongozi wa harakati wana ahadi yoyote kwa wale ambao hawatawapigia kura? Dai laweza kuwa la haki na maandalizi yake yakawa mabovu, na vitu hivyo viwili vitolewe alama tofauti.

Ukumbini

Kabla ya kuanza, kumbuka kwamba katika shule zetu anaweza kuwamo mtoto ambaye familia yake ilivuka ziwa usiku. Mwenyekiti atangaze mapema kwamba makabila hayatatajwa kwa dharau, kwamba hakuna mwanafunzi atakayeombwa asimulie yaliyowapata ndugu zake ili kuipamba hoja ya mtu mwingine, na kwamba anayetaka kusimulia kwa hiari yake atapewa muda wake mwenyewe. Wasemaji wabadilishane pande baada ya mzunguko wa kwanza. Nimeona kijana aliyeitetea Katanga kwa moto akasoma hesabu za viti vya mwaka 1960 kwa ajili ya mzunguko wa pili, na hotuba yake ya pili ikawa bora mara mbili ya ile ya kwanza.

Mwisho wa mdahalo majaji wasiulizwe tu ni upande upi umeshinda. Waandike uamuzi wa aina moja kati ya tatu: dai hili ni la lazima, kwa sababu watu wanadhulumiwa na milango yote imefungwa, dai hili ni la hiari, kwa sababu milango iko wazi na watu wana haki ya kuuliza na kupiga kura, lakini si haki ya kuondoka kwa amri yao peke yao, au dai hili halijakamilika, kwa sababu ama watu wenyewe hawajulikani ni nani ama hawajaulizwa. Kwa vipimo hivi naiweka Bangladesh katika kundi la kwanza bila kusita, na Katanga ya Tshombe katika la tatu. Catalonia naiweka katika la pili, pamoja na lawama kwa Madrid kwa kutokubali kuwauliza watu wake, na kwa Barcelona kwa kutangaza uhuru juu ya kura ya watu wasiofika nusu.

Scotland nayo ni ya kundi la pili, na ndiyo iliyo ngumu kwangu kwa sasa. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila idhini ya London, wala sheria haisemi ni lini au kwa masharti gani idhini hiyo itolewe. Watu walioulizwa mara moja na wakajibu hapana hawawezi kudai waulizwe kila mwaka, lakini mlango ambao ufunguo wake uko kwa upande mmoja peke yake, na usio na siku iliyotajwa ya kufunguliwa, hauwezi kuitwa wazi kwa muda mrefu. Hilo ningependa liwe mada ya mzunguko unaofuata, na upande wa kupinga uanze.